Bluu Chini ya Nyeupe

Kila asubuhi, kabla hajagusa faili lolote, Inspekta alimwagia maji ua lake la dirishani kwa kikombe cha chai, akachonga penseli mbili, akazipanga upande wa kulia wa meza. Asubuhi hiyo alikuwa katikati ya penseli ya pili Koplo alipoingia bila kubisha hodi na kutua boksi la kadibodi juu ya maganda ya penseli.

"Afande, gari la kesi ya muuguzi limejileta lenyewe," Koplo alisema. "Ila limepungua kidogo."

Inspekta alifungua boksi. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na kigari cheupe chenye urefu wa kiganja. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imevunjika, na boneti imebonyea. Hakukuwa na barua. Juu ya kifuniko mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zenye kutetemeka: KWA MPELELEZI WA KESI YA MUUGUZI.

"Nani kaleta?"

"Lilikutwa kwenye kaunta saa kumi na mbili. Aliyekuwa zamu anasema alikwenda msalani."

"Kila kitu kwenye kituo hiki hutokea mtu akiwa msalani."

"Ndiyo maana mimi sinywi maji, afande."

Inspekta hakucheka. Alikuwa ameshachukua lenzi.

Siku kumi na tisa kabla ya hapo, alfajiri, gari lilimgonga muuguzi aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka zamu, likamwacha barabarani na kukimbia. Muuguzi alifariki kabla ya jua kuchomoza. Mfagia barabara, aliyekuwa mbali kidogo, aliona mambo matatu tu: gari jeupe, la mgongo mrefu, lenye keria juu ya paa. Siku mbili baadaye polisi walimkamata dereva wa kampuni ya kuvuta nyaya za simu. Gari lake lilikuwa jeupe, la mgongo mrefu, lenye keria ya ngazi, na taa yake ya kushoto ilikuwa imevunjika. Dereva alisema taa ilivunjwa na kreti lililoanguka boharini. Hakuna aliyeliona kreti likianguka.

Leo saa nane mchana dereva huyo angesomewa mashtaka. Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa moja, amekumbatia mfuko wenye shati lililopigwa pasi.

Mkuu wa upelelezi alikitazama kigari kwa nusu dakika.

"Raia mwema anatuthibitishia," alisema. "Gari jeupe, keria, taa ya kushoto. Weka na vielelezo vingine."

"Keria si ile, Mkuu."

"Unasemaje?"

Inspekta alimpa lenzi. Keria ya gari la nyaya ilitoka mwanzo wa paa hadi mwisho, na ilikuwa na magurudumu ya kuteremshia ngazi. Hii ya kwenye kigari ilikuwa fupi, imekaa nyuma tu, na ilikuwa na ndoano mbili zinazotazama juu na mkanda mwembamba kama uzi.

"Aliyekitengeneza amekosea," Mkuu alisema.

"Huyu aliyeweka vitasa vya milango vidogo kama punje za ufuta amekosea keria nzima? Tazama na boneti. Pale ilipobonyea amekwangua rangi. Chini ya nyeupe kuna nini?"

Mkuu alisogeza lenzi karibu, akaisogeza mbali. "Bluu."

"Naomba kufungua chumba cha vielelezo."

Kielelezo namba nne kilikuwa chupa ya chai ya marehemu, ya bati, iliyokutwa mtaroni. Kwenye ukingo wake kulikuwa na chembe ya rangi, kubwa kama ukucha wa mtoto mchanga. Maabara ilikuwa imekata kipande na kuahidi majibu baada ya wiki tano. Inspekta aliigeuza chupa kwenye mwanga wa dirisha mpaka ukingo wa ile chembe ukasimama wima mbele ya lenzi. Ulikuwa na tabaka mbili. Juu nyeupe. Chini, nyembamba kama mstari wa penseli, bluu.

Akatoka uani lilipofungiwa gari la nyaya, akapiga goti mbele ya taa iliyovunjika, akakwangua kwa wembe. Nyeupe. Kijivu cha kiwandani. Chuma. Akakwangua sehemu nyingine, na nyingine tena. Hakukuwa na bluu popote.

"Lenzi yako si maabara," Mkuu alisema, lakini sasa alikuwa amesimama. "Na mimi siwezi kwenda kumwambia mwendesha mashtaka kwamba tumeletewa mdoli. Niletee gari, na mtu wa kulisemea. Kabla ya saa nane. Ikifika saa nane, huyu anasomewa, na ukishasomewa kosa kama hili unajua mwenyewe utakaa ndani miezi mingapi kabla kesi haijaanza."

Inspekta alipotoka, mke wa dereva alinyanyuka na mfuko wake.

"Afande, nimpe shati sasa?"

"Ngoja kidogo, dada. Kaa nalo kwanza."

* * *

Boksi lilikuwa la brashi za rangi, na mjini pale duka lililouza brashi za aina ile lilikuwa moja. Mwenye duka alijulikana na wateja wake wote kwa jina la Bi Gundi. Aliuza madaftari, vitambaa vya kufumia, na kwenye kabati la vioo nyuma yake, maboksi yenye picha za magari.

Alipoona kigari mkononi mwa Inspekta alianza kupanga kalamu zilizokuwa zimeshapangwa.

"Kazi nzuri," alisema. "Sijawahi kuiona."

"Nimekuuliza kama umewahi kuiona?"

Bi Gundi akaacha kalamu.

"Nifundishe," Inspekta alisema. "Kitu hiki kinauzwa hivi?"

"Hivi? Thubutu!" Woga ulimtoka mara moja, kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu. Alishusha boksi moja, akatoa vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu kama maandazi kwenye treya. "Unanunua hivi. Unakata kimoja kimoja, unakwangua kwa msasa, unagundisha. Kipimo ni moja kwa ishirini na nne. Lakini boksi lina gari la mgongo mfupi, usukani kushoto. Huyu amekata paa, akarefusha mgongo kwa plastiki ya kifuniko cha ndoo. Kahamisha usukani. Hiyo keria ni mabaki ya fremu yenyewe, ameyapasha juu ya mshumaa akayavuta yakawa uzi. Ukivuta kwa pupa, unakatika. Ukichelewa, umeganda. Kuna mtu mmoja tu..."

Akaanza kurudisha vipande kwenye boksi.

"Malizia, Bi Gundi. Kuna baba wa watoto wawili anasomewa mashtaka saa nane."

"Aliniambia nikiweke kwenye kaunta ya kituo nitoke. Aliniambia kitamfungua yule dereva wa nyaya. Basi." Macho yalikuwa yamemlowa. "Mzee Kibano. Alikuwa fundi wa kunyoosha na kupaka magari, miaka thelathini. Gari lilimwangukia kutoka kwenye jeki, likamvunja uti wa mgongo. Kila Ijumaa nampelekea rangi. Anakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Tangu mwaka juzi kushuka kwake ni kwa kubebwa."

"Anaishi na nani?"

"Na binti yake. Dada, yule binti ni dhahabu. Usiende kumtisha."

* * *

Chini ya jengo kulikuwa na ua mdogo wenye nguzo mbili za geti. Inspekta alisimama kwenye geti akazitazama nguzo zote mbili, mbele na nyuma. Chokaa yake ilikuwa ya zamani, imeshika vumbi na alama za mpira wa watoto. Haikuwa na ufa wala kiraka.

Gari lilikuwa kwenye kona, nusu limefunikwa turubai. Jeupe, la mgongo mrefu. Juu ya paa, upande wa nyuma tu, palikuwa na keria fupi yenye ndoano mbili zinazotazama juu. Kiti cha magurudumu kilichokunjwa kingekaa pale sawasawa.

Boneti ilikuwa laini kama yai, bila mkwaruzo wowote. Taa ya kulia ilikuwa ya manjano kwa uzee. Ya kushoto iling'aa kama maji.

"Nenda kamwambie Mkuu gari tumeliona," alimwambia Koplo, aliyekuwa amefuatana naye. "Mwambie namba. Mimi nakwenda kumtafuta mtu wa kulisemea."

"Nikusindikize kwanza?"

"Kwa mzee asiyesimama? Nenda."

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wa mbao, na mbele yake ulikuwa mwingine wa nondo, na kufuli kubwa kama ngumi. Binti ndiye aliyefungua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, karani wa shule, bado na kitambulisho chake shingoni. Alieleza bila kuulizwa kwamba hurudi kila siku saa sita kumlisha baba na kumgeuza.

"Wakati mwingine wote anafungiwa?"

"Kwa usalama wake. Wezi hawana huruma na mgonjwa."

Chumba cha Mzee Kibano kilikuwa na kitanda, meza na dirisha lenye nondo. Mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mwembamba, miwani imefungwa kamba nyuma ya kichwa. Meza ilikuwa safi kama ya mganga wa meno: visu vidogo, msasa uliokatwa mraba mraba, bomba la kupulizia rangi, vibano saba kwa ukubwa wake. Ukutani, kwenye misumari, vilining'inia vijiko vya plastiki arobaini hivi, kila kimoja kimepakwa rangi yake.

Inspekta aliweka kigari mezani. Binti alikitazama, kisha akamtazama baba yake. Mzee alitazama dirishani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, afande."

"Kazi yako?"

"Mchezo tu wa kupitishia siku."

"Mfano wa gari lililo uani?"

"Magari yanafanana."

Inspekta akamgeukia binti. "Taa ya kushoto ya gari lako ni mpya."

"Niligonga nguzo." Jibu lilikuja haraka, limeshavaa viatu. "Nguzo ya geti la hapa chini. Wiki kama tatu zilizopita."

"Nguzo ipi? Ya kulia au ya kushoto?"

"Ya... kushoto. Wameshaipaka chokaa upya."

"Nani aliyeinyoosha boneti?"

"Baba. Nilimwomba jirani tukambeba hadi chini. Alifanya kazi siku mbili, amekaa kwenye kiti chake." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Hujawahi kumwona baba akifanya kazi. Watoto wa jengo zima walikuja kutazama."

"Ni kweli, Mzee? Aligonga nguzo?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama kasema nguzo," alijibu. Alimwita binti yake mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. "Basi ni nguzo."

Binti akachukua mkoba. "Baba, dawa yako ya saa saba imeisha. Nakimbia duka la dawa, narudi sasa hivi."

"Dada, ngoja kidogo, hatujamali..."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nondo ziligonga fremu. Kisha ukasikika mlio mdogo, mkavu, wa kufuli kuingia. Inspekta alipofika mlangoni, nyayo zilikuwa zimeshashuka ngazi ya pili.

"Dada! Umetufungia!"

Nyayo hazikusimama. Inspekta alizitikisa nondo mara moja, akaona hazichezi, akaziacha.

"Usijisumbue," Mzee Kibano alisema kutoka chumbani. "Nilizichomelea mwenyewe, enzi nina miguu."

"Amefanya makusudi?"

"Mkono wake umezoea. Akitoka, anafunga. Siku moja alimfungia humu mchungaji saa nne nzima, tukamaliza nyimbo zote za kitabu."

Inspekta alipiga simu.

"Umefungiwa?" Koplo alisema. "Na nani, afande?"

"Na kufuli. Njoo na mkasi wa kukatia chuma."

"Niandike kwenye daftari kwamba Inspekta yuko mahabusu?"

"Koplo."

"Nusu saa, afande. Mkuu anasema gari peke yake halitoshi. Anataka mtu aseme."

Inspekta aliweka simu mezani, akasimama kwenye dirisha. Chumba kilikuwa na harufu ya gundi na dawa ya kusafishia vidonda. Kutoka pale kilichoonekana kilikuwa ua tu: geti, nguzo mbili, na gari. Turubai lilikuwa chini. Binti alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mikono miwili juu yake. Inspekta alisubiri asikie injini. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Gari halikuwaka.

"Hajaondoka," alisema.

"Hawezi," Mzee alisema. "Tangu siku ile hajaliendesha. Anakwenda kazini kwa miguu."

"Tangu alipogonga nguzo."

Mzee alinyoosha kibano kimoja kwenye mstari wake.

Inspekta akaanza na ukuta. Kila kijiko kilikuwa na maandishi kwenye mpini, ya herufi ndogo: jina la rangi, na tarehe.

"Hivi ni vya nini?"

"Rangi ukiitazama kwenye kopo ni mwongo. Unaijaribu kwanza kwenye kijiko. Kijiko kina tumbo na mgongo kama bodi ya gari."

"Unaandika tarehe kila mara?"

"Fundi asiyeandika tarehe anapaka gari moja rangi mbili."

Vyeupe vilikuwa sita. Cha tano kilikuwa na tarehe ya siku tatu baada ya kifo cha muuguzi. Inspekta alikiondoa kwenye msumari, akatoa wembe, akakwangua mgongo wake. Nyeupe ilitoka kama ngozi ya yai. Chini yake palikuwa bluu. Akachukua cha nne, akakwangua. Kijivu. Cha tatu, cha sita: kijivu.

"Kwa nini hiki peke yake?"

Mzee Kibano alikuwa akitazama vidole vyake.

"Gari la mama lilikuwa bluu," alisema taratibu. "Alipopata kazi nililipaka jeupe, zawadi. Sikung'oa ile bluu, ilikuwa bado nzima. Sasa nyeupe iliyolala juu ya bluu si sawa na iliyolala juu ya kijivu. Inakuwa baridi kidogo. Nikitaka kiraka kisionekane, lazima nijaribu juu ya bluu."

"Na kigari? Ukakipaka bluu kwanza, ndipo nyeupe."

"Sikufikiri." Alikitazama kigari kama mtu anayemtazama mtoto aliyetoboa siri. "Mkono wangu unajenga kuanzia chini. Nilipokwangua pale kwenye boneti ndipo nilipoiona. Nikasema, hataiona. Nani anaangalia chini ya rangi?"

"Ulitaka nione keria tu."

"Mwone kwamba si keria ya ngazi. Mumwachie yule kijana arudi kwake. Basi. Ndiyo maana sikuweka namba. Kila kitu kipo, hata zulia nimelikata kwenye msasa. Namba nilijaribu mara mbili. Mkono ulikataa."

"Keria haitamtoa mtu ndani, Mzee. Wala kijiko. Mkuu wangu anataka neno." Inspekta alivuta kigoda, akakaa, macho yao yakawa sawa. Alifungua daftari. "Nguzo ikiingia kwenye boneti inaacha alama gani?"

"Inategemea."

"Umefanya kazi miaka thelathini."

Mzee alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa meza. Kisha, kwa shida: "Mkunjo mkali. Kama karatasi iliyokunjwa. Na chokaa kwenye mkunjo."

Inspekta alikisogeza kigari mbele yake, akaweka ncha ya penseli kwenye boneti. Palikuwa na bonde pana, la mviringo, bila pembe yoyote.

"Huu ni mkunjo?"

Mzee Kibano alifumba macho.

"Mzee. Ni saa saba na robo."

"Unajua usiku ule kulikuwa na nini?" Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Mpira wangu wa mkojo uliziba. Maumivu yale, afande, nisingemtakia hata mbwa. Nilipiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta. Mama hakuwa amelala siku mbili. Akachukua gari kwenda kunitafutia mpira mwingine kwenye duka la dawa la hospitali. Alirudi nao. Akanibadilishia, akanifuta, akanifunika shuka. Ndipo akasema amegonga nguzo. Mimi nikasema, pole."

"Na ulipoliona gari?"

"Ananigeuza mara nne kwa siku. Asiponigeuza, ngozi inaoza. Ukimchukua, nani atanigeuza?"

Inspekta alikuwa na penseli mkononi, lakini hakuandika.

"Sijui," alisema. "Sitakudanganya, Mzee. Najua tu kwamba kituoni kuna mwanamke ameshika shati la mumewe tangu saa moja, ananiuliza ampe sasa au baadaye."

Mzee aligeuza kiti kuelekea dirishani. Gurudumu moja lililia. Chini, mlango wa gari ulifunguka, ukafungwa.

"Anapanda," alisema.

Wote wawili walisikiliza. Ngazi ya kwanza. Mapumziko. Ngazi ya pili. Nyayo zilikuwa nzito kuliko zilivyoshuka. Inspekta alisimama, akasogea kando ya mlango wa chumba, mahali ambapo angeona nondo na kiti kwa pamoja.

Binti alisimama upande wa pili wa nondo. Hakuwa na dawa. Alikuwa ameshika ufunguo, na kitambulisho cha kazi kilikuwa kimegeukia mgongoni.

"Baba," alisema. "Umekula?"

"Bado."

"Chakula kitapoa." Aliingiza ufunguo kwenye kufuli, lakini hakuuzungusha. Alimtazama Inspekta, akatazama kijiko kilichokwanguliwa mezani, akarudisha macho kwa baba yake. "Nimekwambia, niligonga nguzo. Si ndivyo? Baba, mwambie."

Mzee Kibano alizungusha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe. Alipita kitanda, akapita meza, akavuka kizingiti kilichomkwamisha mara mbili, na Inspekta aliponyoosha mkono kumsaidia alikataa kwa kichwa. Alifika kwenye nondo, akapitisha mkono katikati yake, akaufunika mkono wa binti yake ulioshika ufunguo.

"Mama, niliweka kiganja kwenye boneti ile kabla sijashika nyundo," alisema. "Nikajua. Nikanyoosha, nikapaka, nikakaa kimya, nikakuacha wewe ubebe peke yako siku kumi na tisa. Nisamehe."

"Baba, usiseme."

"Haikuwa nguzo, mwanangu. Alikuwa mtu."